Historia ya Ufunguo wa Gari Unaokunjwa

Ufunguo wa gari unaokunjwa ni kava la plastiki linaloenea kiganjani, lenye bapa la chuma lililolazwa ubavuni. Kitufe kikibonyezwa, springi iliyofungwa ndani hulifyatua bapa hilo likasimama, tayari kutiwa kwenye swichi. Likisukumwa kwa kidole hurudi mahali pake na kukwama. Viwanda vya magari vya Ulaya vilianza kuutoa kwa wingi katika miaka ya 1990, na kwa kuwa wenye funguo za kawaida waliutamani, mafundi wa funguo wakajifunza kuchukua ufunguo wa zamani na kuuhamishia kwenye kava jipya la kukunja. Anayeitazama kazi hiyo kutoka nje ya kibanda huona plastiki ikibadilishwa. Anayeifanya hushika vitu vitatu: chuma kilichochongwa, redio ndogo inayofungua milango, na chipu isiyohitaji betri. Vitatu hivyo havikuzaliwa pamoja. Kila kimoja kiliingia kwenye ufunguo kwa wakati wake na kwa sababu yake, na ndiyo maana uhamishaji huo wakati mwingine hufaulu kwa dakika chache na wakati mwingine huliacha gari limelala barabarani.

Magari ya mwanzo hayakuwa na ufunguo wowote. Gari la magurudumu matatu ambalo Karl Benz alilipatia hataza mwaka 1886 liliwashwa kwa kuzungusha kwa mkono gurudumu zito la injini. Kwa miongo iliyofuata dereva alisimama mbele ya gari na kuzungusha hendeli ya chuma, na injini iliyowaka kabla ya wakati iliweza kuirudisha hendeli kwa nguvu ya kuvunja mkono. Aliyeogopa wizi alilifungia gari bandani. Ufunguo ulipoanza kuonekana kwenye dashibodi, mwanzoni mwa karne ya 20, kazi yake ilikuwa moja tu: kufunga au kufungua njia ya umeme unaokwenda kwenye plagi. Haukuwasha injini.

Mmarekani Charles Kettering ndiye aliyetengeneza stata ya umeme iliyofaa kwa matumizi ya kila siku, na Cadillac ikaiweka kwenye magari yake ya mwaka 1912. Hendeli ikaanza kustaafu, lakini stata na ufunguo vikaendelea kuishi mbalimbali. Kwenye Ford Model T zilizowekewa stata kuanzia mwaka 1919, dereva aligeuza ufunguo kwenye dashibodi kisha akakanyaga kitufe kilichokuwa sakafuni. Ulinzi wa ufunguo ule ulikuwa hafifu. Ford ilitumia aina chache tu za funguo kwa mamilioni ya magari, na nambari ya ufunguo unaohitajika ilichapwa kwenye swichi yenyewe, mbele ya macho ya kila mtu. Mwenye fungu dogo la funguo mfukoni angeweza kuliwasha gari la jirani bila kuvunja chochote.

Kufuli imara zilikuwapo tayari. Linus Yale Mdogo alikuwa amepata hataza za kufuli lake la pini katika miaka ya 1860, na msingi wa kufuli hilo unatumika kwenye milango ya nyumba hadi leo. Magari hata hivyo yalichukua njia nyingine, ya vibati, ambayo hataza yake ya kwanza Marekani ilitolewa kwa Philo Felter mwaka 1868. Ndani ya silinda hupangwa vibati vyembamba vya chuma, kila kimoja kikiwa na tundu katikati na kusukumwa na springi yake. Ufunguo sahihi ukipita, kila jino huinua au kushusha kibati chake hadi vyote vilingane na uso wa silinda, nayo ikawa huru kuzunguka. Kufuli la vibati ni rahisi kutengenezwa, halidai vipimo vikali mno, na huvumilia vumbi na mtikisiko. Kwa chombo kinachopita barabara mbovu kila siku, sifa hiyo ya mwisho ilikuwa na uzito kuliko ugumu wa kufunguliwa na mwizi.

Kampuni ya Briggs & Stratton ya Milwaukee, ambayo watu wengi wanaijua kwa injini ndogo za mashine, ilianza mwaka 1924 kutengeneza vitasa vya magari kwa kumimina aloi ya zinki kwenye kalibu. Bei ikashuka, na kitasa cha ufunguo kikawa kitu cha kawaida badala ya nyongeza ya matajiri. Tawi hilo liliendelea kwa takribani miaka 70 hadi lilipotengwa mwaka 1995 na kuwa kampuni ya STRATTEC. Ujerumani nako kulikuwa na mji wake wa vitasa, Velbert, ambako ufuaji wa makufuli ni kazi ya karne nyingi na ambako limejengwa jumba la makumbusho la vitasa. Huko ndiko Ernst Hülsbeck na August Fürst walikoanzisha mwaka 1908 kampuni inayojulikana kwa kifupi kama Huf. Fundi wa funguo yeyote anayeshughulika na magari ya Volkswagen hulitaja jina hilo bila kujua, kwa sababu bapa la magari hayo huitwa HU66 kwenye katalogi za funguo, na herufi mbili za mwanzo zinaashiria Huf.

Mwaka 1949 Chrysler iliunganisha kazi mbili: ufunguo ukigeuzwa hatua moja ulifungua umeme, ukisukumwa mbele zaidi ulizungusha stata. Mwaka 1965 Ford ikaleta ufunguo wenye meno pande zote mbili, ili dereva asihangaike gizani kutafuta upande sahihi. Kisha ukaja usukani. Ujerumani Magharibi ililazimisha kufuli la usukani mwanzoni mwa miaka ya 1960, na Marekani ikalitaka kwenye magari mapya kuanzia mwaka 1970. Swichi ikahama kutoka dashibodini na kujishikiza kwenye mhimili wa usukani. Kufikia hapo kipande kimoja cha shaba nyeupe au chuma kilikuwa kinafungua milango, kinaachia usukani, kinaruhusu umeme na kuamsha injini. Mzigo huo una gharama yake. Meno hulika, vibati hulika, na ufunguo uliochongwa kwa kuiga ufunguo uliolika hurithi ulemavu wa mzazi wake. Fundi makini hachongi kwa kuiga ikiwa ana namna ya kupata msimbo wa kiwanda. Huchonga kwa vipimo vya siku gari lilipotoka kiwandani.

Hiyo ndiyo habari ya chuma. Kitu cha pili, rimoti, kilianzia Ufaransa. Renault Fuego ya mwaka 1982 inatambuliwa kuwa gari la kwanza kuuzwa likiwa na kifaa cha kufungua milango kwa mbali, kilichobuniwa na Paul Lipschutz. Kutokana na jina lake Wafaransa wakakiita plip, na baadhi yao wanakiita hivyo hadi sasa. Kilitumia miale isiyoonekana, kama ya rimoti za televisheni, kwa hiyo ilikuwa lazima kielekezwe kwenye kipokezi ndani ya gari. Mawimbi ya redio yaliondoa usumbufu huo. Ulaya ilijikita kwenye masafa ya 433.92 MHz, huku Marekani na Japani zikitumia masafa yaliyo karibu na 315 MHz. Tofauti hiyo inawagusa sana wanunuzi wa Afrika Mashariki: rimoti iliyotengenezwa kwa soko la Ulaya haitafungua gari lililotengenezwa kwa soko la Japani, hata kama makava yao yanafanana kabisa na vitufe ni vilevile.

Rimoti za mwanzo zilirusha namba ileile kila zilipobonyezwa. Mwizi mwenye kipokezi aliyekaa kwenye maegesho aliweza kuinasa namba hiyo na kuirudia baadaye. Dawa iliyotumiwa na sehemu kubwa ya dunia ilitoka Afrika Kusini. Katika miaka ya 1980 kampuni ya Nanoteq ilitengeneza mfumo wa KeeLoq, ambao fomula yake ya usiri ilibuniwa na Gideon Kuhn. Kila mbonyezo husogeza hesabu iliyo ndani ya rimoti, hesabu hiyo hufichwa kwa fomula, na gari hukubali tu namba iliyo mbele ya ile ya mwisho. Likiwa limekosa mibonyezo michache, labda mtoto alichezea rimoti sebuleni, gari huvumilia. Dirisha la kawaida la KeeLoq ni mibonyezo 16, na zaidi ya hapo huomba mbonyezo wa pili ili kujipanga upya. Kampuni ya Marekani ya Microchip iliununua mfumo huo mwaka 1995 kwa dola zaidi ya milioni 10 na kuusambaza kwenye magari na mageti ya nyumba duniani kote. Ni mmojawapo wa michango mikubwa ya Afrika katika teknolojia ya magari, na unastahili kujulikana zaidi ya unavyojulikana.

Kitu cha tatu, chipu, ndicho kinachowatesa wanaohamisha funguo bila kujua. General Motors iliweka kwenye Corvette ya mwaka 1986 ufunguo wenye punje nyeusi iliyopachikwa kwenye bapa. Punje hiyo ilikuwa kizuizi cha umeme chenye thamani moja kati ya 15, na gari liliipima kabla ya kuruhusu injini. Meno sahihi pekee hayakutosha tena. Wazo lilikuwa zuri, lakini machaguo 15 ni machache, na migusano ya chuma ilichakaa.

Chipu iliyofuata haikuhitaji kuguswa. Kuzunguka tundu la swichi hufungwa koili inayotoa uga wa sumaku wa masafa ya takribani 125 kHz, au 134 kHz kwa chipu za Texas Instruments. Chipu iliyo kwenye kichwa cha ufunguo hupata nguvu kutoka kwenye uga huohuo, huamka, na kujibu swali la kompyuta ya gari. Jibu likikosewa, injini hunyimwa mafuta au cheche. Kwa kuwa haina betri, chipu huendelea kufanya kazi hata betri ya rimoti ikifa. Na kwa kuwa nguvu ya uga ule hufika sentimita chache tu, ni lazima ikae karibu na swichi.

Msukumo wa kuieneza ulitoka kwa kampuni za bima. Baada ya Ukuta wa Berlin kuanguka mwaka 1989 na mipaka ya Ulaya Mashariki kufunguka, wizi wa magari nchini Ujerumani ulipanda kwa kasi, na kampuni za bima zikaanza kudai kizuia injini cha aina hiyo kabla ya kukubali kubeba hasara. Umoja wa Ulaya ulitoa mwongozo mwaka 1995, na kuanzia Oktoba 1998 magari mapya ya abiria ya soko hilo yalitakiwa kuwa na kifaa hicho. Japani haikufuata kwa haraka hiyo. Magari mengi yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani katika miaka ya 1990 yaliendelea kutegemea chuma peke yake. Hii ndiyo sababu Toyota mbili za mwaka mmoja, moja ya Uingereza na nyingine ya Japani, zinaweza kuwa na funguo zinazofanana kwa sura na kutofautiana kabisa kwa ndani.

Katikati ya miaka ya 1990, basi, ufunguo ulikuwa umenenepa. Kichwa chake kilibeba chipu, saketi ya redio, vitufe na betri bapa, wakati bapa la chuma lilibaki na urefu wake uleule. Wengine walitenganisha vitu hivyo: ufunguo mkononi na rimoti ikining'inia pembeni kwenye pete. Matokeo yalikuwa mfuko uliotoboka na kitambaa cha suruali kilichochanika. Kuukunja ufunguo lilikuwa jibu la zamani lililopatiwa kazi mpya. Wahunzi wa Ulaya wa karne za 18 na 19 walitengeneza funguo za mageti zenye bawaba katikati ili ufunguo mrefu uweze kuingia mfukoni. Mfyatuko wa springi nao ulikuwa umezoeleka kwenye visu vya mfukoni, vile ambavyo Marekani ilizuia biashara yake kati ya majimbo mwaka 1958 na Uingereza ikavipiga marufuku mwaka uliofuata. Wamarekani hadi leo huupa ufunguo huu jina la visu hivyo.

Mercedes-Benz, Volkswagen na Audi walikuwa mstari wa mbele kuutumia. Ndani yake hakuna maajabu. Mzizi wa bapa umepachikwa kwenye kitovu cha duara na kufungwa kwa pini ndogo ya chuma. Kitovu hicho kimewekewa springi ya kujisokota, na kitufe cha nje hushikilia pembe yake isizunguke. Kitufe kikishuka, pembe huachiwa, springi huzungusha kitovu, na bapa hugonga kizuizi. Pini ile ndogo ndiyo roho ya biashara yote inayosimuliwa hapa, kwa sababu iliufanya ufunguo wa gari, kwa mara ya kwanza, kuwa kitu kinachofunguka na kubadilishwa vipande. Ufunguo wa kawaida ulikuwa bapa lililomiminiwa plastiki kichwani, kitu kimoja kisichotenguka. Ufunguo wa kukunja ulitenganisha bapa na kichwa. Yeyote mwenye nyundo ndogo na kitoboleo chembamba aliweza kutoa bapa moja na kuweka jingine.

Opel, Fiat, Peugeot, Ford ya Ulaya, Chevrolet, Hyundai na Kia wakafuata. Wajapani walikawia. Toyota, Nissan na Honda kwa muda mrefu zilipenda ufunguo usiokunjwa wenye vitufe kichwani, na magari yao mengi yaliruka kutoka kwenye ufunguo huo moja kwa moja hadi kwenye kitufe cha kuwashia. Pengo hilo ndilo lililojazwa na karakana za China, hasa za Shenzhen na maeneo ya jirani, zilipoanza kumwaga sokoni makava matupu ya kukunja yaliyopimwa kuchukua saketi za Toyota, Nissan, Honda na Mitsubishi. Wanunuzi walipatikana popote penye magari ya Kijapani yaliyokwisha kutumika. Tanzania, Kenya na Uganda huendesha upande wa kushoto kama Japani, na magari mengi yanayoingia huko hushushwa melini Dar es Salaam na Mombasa yakiwa yametumika kwa miaka kadhaa. Kenya huyapokea yale yasiyozidi umri wa miaka minane. Gari la umri huo mara nyingi huja na ufunguo mmoja, mpira wa vitufe umetoboka, tundu la pete limekatika. Mwenye gari anayekwenda Kariakoo mjini Dar es Salaam, au barabara ya Kirinyaga mjini Nairobi, huwa anatafuta kava la kuokoa ufunguo wake, na kava la kukunja humvutia kwa sababu linakuja na bapa jipya na sura ya gari la gharama.

Fundi anayejua kazi huanza kwa kujaribu ufunguo wa zamani kabla ya kuufungua: je, rimoti inafungua, je, injini inawaka, je, kuna taa ya kizuia injini inayomulika kwenye dashibodi? Baada ya hapo hupasua kava la zamani kwenye mshono. Saketi hutoka kwa urahisi. Chipu haitoki hivyo. Kwenye funguo nyingi za Toyota ni kipande cheusi cha kaboni chenye umbo la kabari, kilichofichwa kwenye shimo lake na kuzibwa kwa gundi au plastiki. Kwenye funguo nyingine ni bomba dogo jembamba la kioo, linalovunjika kwa kubanwa na koleo. Magari mengi yaliyotoka baada ya mwaka 2000 huwa yameunganisha chipu na redio kwenye saketi moja, na hapo hakuna cha kutafuta. Hatari iko kwa fundi anayedhani kila ufunguo uko hivyo. Huhamisha saketi, hutupa kichwa cha zamani, na mteja huondoka na ufunguo mzuri unaofungua milango yote. Gari aina ya Volkswagen likiwashwa hunguruma sekunde moja au mbili kisha huzima. Aina nyingine huzungusha stata bila kuwaka kabisa. Chipu imebaki kwenye ndoo ya taka.

Bapa nalo lina njia mbili. Ya kwanza ni kuchonga bapa tupu lililokuja na kava. Kwa Toyota za kawaida bapa hilo huitwa TOY43 na kwa Nissan nyingi ni NSN14, majina yaliyoenezwa na katalogi za kampuni kama Silca ya Vittorio Veneto, Italia, ambazo hutengeneza funguo tupu kwa dunia nzima. Meno ya aina hiyo huchongwa na mashine ya kawaida ya kuiga. HU66 na nyingine zilizochongwa kijia katikati ya bapa hudai mashine yenye ncha inayochimba kwa ubavu, na kibanda kisicho nayo hulazimika kutuma kazi kwingine. Njia ya pili ni kukata bapa la kiwandani kutoka kwenye kichwa chake, kulisugua mzizi hadi uingie kwenye kitovu, na kulitoboa tundu la pini. Ni kazi ya mikono inayochukua muda, lakini huhifadhi meno ya asili na chuma bora, na kwa gari ambalo swichi yake imeshaanza kusumbua ndiyo njia inayofaa zaidi. Mabapa ya bei rahisi hutengenezwa kwa aloi laini, na bapa laini likivunjikia ndani ya swichi humletea mwenye gari gharama kubwa kuliko bei ya makava kumi.

Kipimo ambacho wengi hukipuuza ni kina cha kuingia. Ufunguo wa kawaida mara nyingi husimama ndani ya kitasa pale bega lake linapogonga mdomo wa silinda, na meno yote yamepangwa kutokana na bega hilo. Bapa likikaa kwenye kitovu milimita moja nje ya mahali pake, kila jino huwa milimita moja mbali na kibati chake. Ufunguo huingia vizuri na kukataa kuzunguka. Chipu nayo hubadilishiwa umbali wake na koili. Kwenye kava la kukunja, kitovu na springi hukalia sehemu iliyo karibu zaidi na swichi, kwa hiyo chipu husogezwa nyuma. Kava lililosanifiwa vizuri huiwekea shimo lake mbele kadiri inavyowezekana. Lililosanifiwa vibaya hulifanya gari liwake leo na kugoma kesho, na fundi asiyejua huanza kulaumu betri.

Kwa wale ambao rimoti yao ilipotea au haikuwapo tangu mwanzo, njia ni kununua ufunguo mpya wa kukunja unaokubali kupangiwa kazi. Kampuni za China kama KEYDIY na Xhorse huuza rimoti tupu pamoja na mashine ndogo ya mkononi. Fundi huchagua aina ya gari na masafa, mashine huiandikia rimoti programu inayofaa, kisha gari hufundishwa kuitambua. Mashine hizohizo husoma chipu ya zamani na kuinakili kwenye chipu mpya pale inapowezekana. Zimeingiza kwenye kibanda uwezo ambao awali ulikuwa wa maduka ya wakala peke yake, na bei ya ufunguo wa ziada ikashuka kwa wengi.

Umbo la kichwa cha ufunguo lina uzito kuliko linavyodhaniwa, na General Motors ilijifunza hilo kwa uchungu mwaka 2014. Mapema mwaka huo iliita magari madogo yapatayo milioni 2.6, yakiwemo Chevrolet Cobalt, kwa sababu swichi zake zilikuwa legevu mno. Mtikisiko, au uzito wa fungu la funguo, uliweza kuzigeuza njiani, injini ikazima na mifuko ya hewa ikanyimwa umeme. Mfuko wa fidia ulikubali madai ya vifo 124. Madereva waliambiwa waondoe kila kitu kwenye pete wabaki na ufunguo peke yake. Mwezi Juni likafuata tangazo jingine, la Chevrolet Camaro za mwaka 2010 hadi 2014, zaidi ya 500,000. Ufunguo wake ulikuwa wa kukunja, na goti la dereva lililogonga kava lake nene liliweza kuigeuza swichi gari likiwa mwendoni. Tiba ilikuwa kurudi nyuma: bapa likatolewa kwenye kava, mteja akapewa ufunguo wa kawaida na rimoti iliyojitenga. Anayehamisha ufunguo wa gari dogo kuutia kwenye kava kubwa na kulipachika pete yenye funguo za nyumba, ofisi na kufuli la duka anaongeza mzigo kwenye swichi ambayo haikusanifiwa kuubeba.

Kwa upande wa usalama dhidi ya wizi, kava la kukunja halileti badiliko lolote. Ulinzi uko kwenye chipu na programu. Nazo zina historia yao ya kuvunjwa. Watafiti wa chuo kikuu cha Johns Hopkins na maabara ya RSA walivunja chipu ya Texas Instruments mwaka 2005. KeeLoq ilifuata mwaka 2008 mikononi mwa watafiti wa Bochum, Ujerumani. Mwaka 2013 Volkswagen ilipata amri ya mahakama ya Uingereza kuzuia utafiti wa Flavio Garcia, Roel Verdult na Barış Ege kuhusu chipu ya Megamos usichapishwe, na ukachapishwa miaka miwili baadaye. Hata hivyo chipu dhaifu ni bora kuliko kutokuwa nayo. Marekani ilishuhudia hilo kuanzia mwaka 2021, pale Hyundai na Kia nyingi za kuwasha kwa ufunguo, zilizouzwa huko bila kizuia injini, zilipoibwa na vijana waliojifunza kutoka kwenye video fupi za mitandaoni.

Wakati ufunguo wa kukunja ulipokuwa bado unaenea, mrithi wake alikwisha kuzaliwa. Corvette ya mwaka 1993 iliweza kufunguka kwa kukaribiwa tu, na Mercedes-Benz S-Class ya mwishoni mwa miaka ya 1990 ikaleta mfumo wa Keyless-Go, ambao humruhusu dereva kuwasha gari kadi ikiwa mfukoni. Kitufe cha kuwashia kimesambaa tangu hapo hadi kwenye magari ya bei ya chini, na mwaka 2020 Apple na BMW walitangaza simu inayofungua na kuwasha gari. Bapa halikufa kabisa: ndani ya rimoti nyingi za magari hayo limefichwa bapa dogo la dharura, lisilo na springi wala kitovu, la kufungulia mlango wa dereva betri inapokufa, nalo bado huchongwa kwenye mashine ileile. Makava ya kukunja yanaendelea kuuzwa kwa Vitz, Probox, Hiace na ndugu zao zenye swichi ya kugeuza, ambazo zingali nyingi katika barabara za Afrika Mashariki.